Injini ikakata nguvu juu ya ziwa halafu ikarudi yenyewe: ni barafu, maji au pampu?

"Fundi shikamoo. Mimi na jamaa yangu tuna kandege ka siti mbili, injini Rotax 912 ULS ya kabureta mbili, tunaruka wikiendi kujifurahisha tu. Jumamosi kama saa moja na nusu asubuhi niliruka Mwanza nikakatiza ziwa hadi Ukerewe, nikazunguka juu ya Nansio nikaanza kurudi. Usiku wake mvua ilinyesha, ila asubuhi kumetulia safi kabisa. Kwenye kurudi nikapunguza throto (mkono wa nguvu ya injini) nianze kushuka, bado niko juu ya maji, baada ya dakika tatu nne injini ikaanza kutetemeka na RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inashuka yenyewe. Nikasukuma throto mbele, ikakohoa, haipandi, nikaanza kusali, halafu taratibu ikarudi kama hakuna kilichotokea. Nikatua salama. Fundi wetu kesho yake kaiwasha ikiwa chini inanguruma vizuri tu, hajaona kitu, hajafungua chochote, tangu hapo haijawashwa. Jamaa yangu anasema mafuta yana maji, tubadili pampu yaishe. Kuna rubani mmoja mzee kaniambia ni barafu kwenye kabureta, nikamcheka, kwa joto hili la Mwanza barafu inatoka wapi? Mafuta tunanunua sheli tunaweka kwenye madumu. Kabureta zetu hazina hita. Mwezi ujao nilitaka nimpeleke wife akaone Ukerewe kutoka juu. Niendelee kuruka au?"

Marahaba ngosha, na pole sana kwa msala huo. Nianze na la mwisho: hapana, usiruke nayo mpaka vitu kadhaa nitakavyotaja hapa chini vimeangaliwa na mtu mwenye leseni, na wife kwa mwezi ujao apande tu meli ya Nansio. Halafu huyo mzee uliyemcheka mtafute umnunulie sato, kwa maelezo yako haya yeye ndiye aliyekaribia ukweli kuliko nyie wote.

Najua kinachokusumbua. Kitu kimetokea, kimekutisha, halafu kimeondoka bila kuacha alama, na fundi anasema haoni tatizo, sasa unajiuliza labda ni wewe tu ulishtuka. Hukushtuka bure. Injini ya kabureta ikipoteza nguvu hewani halafu ikapona kabla haijafika chini, hiyo yenyewe ni dalili, na kuna ugonjwa mmoja ambao kazi yake ni hiyo hiyo, unakuja angani na ukifika hanga umeshayeyuka.

Sasa hilo la joto. Watu wengi wanadhani barafu kwenye kabureta ni shida ya Ulaya wakati wa baridi, na ukiangalia juu juu inaingia akilini, ila barafu hii haitoki nje, inatengenezwa ndani ya kabureta yenyewe, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Hewa ikifika kwenye koo la kabureta inapita sehemu nyembamba, inakimbia, presha yake inashuka na inapoa. Hapo hapo petroli inanyunyizwa na kugeuka mvuke, na petroli ikigeuka mvuke inanyang'anya joto la kila kilicho karibu nayo, ndiyo ule ubaridi unaousikia nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano. Ukijumlisha vyote viwili, joto ndani ya kabureta linaweza kushuka nyuzi 20 mpaka 30 chini ya joto la nje. Piga hesabu ya Jumamosi yako: tuseme Mwanza asubuhi ile ilikuwa nyuzi 22, wewe uko futi 3,000 juu ya maji, joto linapungua kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ulikuwa kwenye hewa ya nyuzi 16 hivi. Toa 20 hapo. Umeshaingia chini ya sifuri wewe mwenyewe umevaa fulana na jasho linakutoka.

Na kinacholisha barafu zaidi ni unyevu kuliko baridi. Hewa ya baridi kali iliyo kavu haina maji ya kugandisha, hewa ya vuguvugu iliyokaa juu ya ziwa usiku mzima inayo tele. Petroli ya magari nayo inageuka mvuke kirahisi kuliko mafuta ya ndege, kwa hiyo anayetumia petroli ya sheli yuko kwenye hatari kubwa kidogo kuliko mwenzake, injini ikiwa ile ile.

Kwa nini ilikuja wakati unashuka na sio wakati unapanda? Ukipunguza throto unafunga kile kipepeo cha kabureta, inabaki nafasi nyembamba ya hewa kupita, presha inashuka zaidi na ubaridi unaongezeka pale pale, na pia injini yenyewe inapoa kwa hiyo haitoi joto la kusaidia. Ukiwa umefungua throto yote barafu kidogo haisumbui sana, ukiwa umefunga hicho hicho kidogo kinatosha kuziba. Halafu wewe una kabureta mbili, kila moja inalisha silinda mbili, moja ikianza kuziba kabla ya mwenzake upande mmoja unakosa nguvu, na hiyo inaeleza ule mtetemo ulioousikia RPM ikishuka. Kabureta za Bing zilizoko kwenye 912 zina sifa ya kutoshika barafu kirahisi, na kweli ziko nafuu kuliko za zamani nyingi, ila nafuu sio kinga.

Kitu kinachoniuma kuhusu ziwa letu ni kwamba saa ambayo marubani wote tunaipenda ndiyo saa ya barafu. Usiku hewa ya nchi kavu inapoa na kutelemkia ziwani kutoka pande zote, inakutana huko katikati inapanda, ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Victoria zinapiga usiku na alfajiri juu ya maji, na mchana upepo unageuka unatoka ziwani kuja nchi kavu na mvua inahamia kwenye vilima. Kwa hiyo saa moja asubuhi mvua ya usiku imeshaisha, upepo umelala, ndege inateleza bila kuyumba, na mimi mwenyewe nitakwambia ruka asubuhi. Lakini asubuhi hiyo hiyo baada ya mvua, hewa imeshiba maji. Utaiona kwenye METAR, yaani taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, ya Mwanza (kodi yake HTMW), kile kipande chenye namba mbili na mkwaju katikati, mfano 22/19. Ya kwanza ni joto, ya pili ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikifikia unyevu unaanza kuwa matone. Namba hizo zikikaribiana hivyo, hata kama ni 26/21, jua kwamba ukipunguza throto uko kwenye eneo la barafu nzito. Miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, utaona zinaachana mbali na hatari inapungua, haiishi.

Sawa, ila sitaki uchukue barafu kama jibu la mwisho kwa sababu tu nimeieleza vizuri. Kuna watuhumiwa wengine na mmoja wao anafanana nayo sana.

Tundu la kupumulia la tenki. Hili watu hawalitaji kabisa na huku kwetu ni hatari kweli. Mafuta yakitoka tenkini lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, inapita kwenye katundu kadogo ka mfuniko au kabomba chini ya bawa. Nyigu wa udongo wanakapenda hako katundu kuliko nyumba yoyote, siku chache tu ndege ikiwa imekaa hanga wameshajenga, na zile mbu-mbu za ziwani zinazopanda kama moshi na kuja ufukweni nazo zinajazana humo, kwenye filta ya hewa na kwenye kile kibomba cha kipima mwendo. Tundu likiziba, unaruka vizuri kabisa nusu saa, tenki linaanza kujivuta, mafuta yanakuja kwa shida, injini inakufa njaa, na ukishatua hewa inapenyeza polepole, fundi akiwasha kesho yake inanguruma. Umeona inavyofanana? Tofauti iko hapa: injini yenye njaa ya mafuta ukisukuma throto mbele inazidi kuwa hoi maana inataka mafuta mengi zaidi, ya kwako ilikohoa halafu ikarudi ukiwa umefungua throto, na hilo linaelekea kwenye barafu. Bado, kumbuka ulipofungua mfuniko wa tenki baada ya kutua, ulisikia "fyuuu" ya hewa inaingia? Kama ndiyo, hadithi yote inabadilika. Puliza matundu hayo leo, yakiwa mawili yote mawili, na ukiegesha ndege yafunike kwa kitu chenye utepe mwekundu mrefu usije ukaruka nacho.

Maji kwenye mafuta, hoja ya jamaa yako, inawezekana na sio ya kudharau, hasa kwa mafuta ya dumu. Ila maji mara nyingi yanajionyesha mapema, wakati wa kupasha moto au dakika za kwanza baada ya kuruka, maana ni mazito yanakaa chini ya tenki yanakunywewa kwanza. Yanaweza kujificha kwenye kona ya tenki na kusogea ukiinamisha pua kushuka, sikatai. Bahati nzuri haya yanaacha ushahidi. Kabureta za Rotax bakuli la chini limeshikwa na waya wa springi tu, fundi analifungua kwa mkono, na kama kuna maji yamepita utakuta vitone vimelala chini vinang'aa au alama ya kutu nyeupe. Kwa vile haijawashwa tangu Jumapili, muache hivyo hivyo mpaka hayo mabakuli yafunguliwe.

Akishafungua, apime na floti, yale maboya madogo yanayoelea ndani ya bakuli kufunga na kufungua mafuta, kwenye mizani ndogo ya sonara. Kuna floti za 912 ambazo baada ya muda zinanyonya petroli, zinakuwa nzito, zinazama, kabureta inafurika, injini inatetemeka ukiwa umepunguza throto. Mbili za kabureta moja kwa pamoja hazitakiwi kuzidi gramu 7. Zikizidi ni kutupa. Hapo hapo aangalie zile raba zinazoshikilia kabureta kwenye injini kama zimepasuka, maana zikivuta hewa pembeni nazo zinaleta mtetemo, na Rotax wanataka raba zote na hosi zibadilishwe kila miaka 5 hata kama ndege imekaa tu haijaruka. Halafu asawazishe kabureta mbili zivute sawa.

Mafuta kuchemka kwenye bomba nalitaja kwa haraka tu: hilo linakuja mchana wa jua, umetua, umezima, injini inapika mafuta yaliyotulia kwenye hosi, unawasha tena unaruka. Wewe ulikuwa asubuhi, na ulikuwa umeshapigwa upepo hewani muda wote wa safari. Silioni.

Pampu sasa. Naelewa kwa nini mnataka kuibadili, mtu anataka afanye kitu aone hela imetoka na roho itulie. Lakini pampu inayokufa huwa haijirudi yenyewe ikapona moja kwa moja, na mkiibadili bila kupima presha mtakuwa mmeongeza hosi mpya, klipu mpya, na nafasi mpya ya kukosea, halafu mtaruka mnajiamini wakati kilichowapata bado kipo palepale. Presha ya mafuta ipimwe, isiposhuka chini ya 0.15 ba, pampu iacheni.

Kuhusu madumu, yabaki kama hamna njia nyingine, ila yawe ya petroli tu, yajazwe yakiwa yamewekwa chini ardhini na sio juu ya bodaboda, kwa sababu plastiki inajichaji umeme na cheche moja inatosha. Mimina kupitia faneli yenye chujio linalozuia maji, ndege ikiwa imeunganishwa na waya kwenda kwenye faneli. Tenki lijazwe jioni ukishatua, tenki lililo nusu linapumua hewa yenye unyevu usiku kucha na ule unyevu unakuwa matone. Asubuhi kabla hujaitikisa ndege, toa mafuta kwenye koki ya chini, weka kwenye chupa nyeupe uangalie kwenye mwanga. ULS yako inataka oktani 95 kwenda juu, ile 912 ndogo ya nguvu farasi 80 inaridhika na 90, usichanganye maneno ya watu. Na pima kama kuna alkoholi: chupa nyembamba, maji kidogo, weka alama, ongeza petroli mara kumi ya hayo maji, tikisa, acha itulie. Maji yakionekana yamepanda juu ya alama, ujue yamevuta alkoholi.

Turudi kwenye barafu maana ndiyo ninayoiamini. Dawa yake ni hita ya kabureta. Kwa 912 kuna aina mbili zinazotumika sana, moja inapitisha maji ya moto ya injini kuzunguka koo la kabureta, hii inafanya kazi muda wote huna haja ya kukumbuka, nyingine ni kisanduku cha hewa chenye kipepeo unachokivuta ukiwa ndani, kinaleta hewa iliyopita karibu na egzosti. Mimi kwa matumizi ya juu ya ziwa napenda ile ya maji, ingawa ina hosi za ziada za kukagua na ikivuja umepoteza maji ya injini. Kuhamia injini ya sindano kama 912 iS kunaondoa kabureta kabisa, lakini hiyo ni injini nyingine, umeme mwingine, bei nyingine, kwa ndege ya wikiendi sikushauri. Chochote utakachochagua kiwe kinakubalika na mtengenezaji wa ndege yako na kisainiwe kwenye logibuku, sio kubuni bomba la jua kali.

Ukiwa na ile ya kuvuta, vuta yote kabla hujapunguza throto, sio baada. RPM itashuka kidogo, hiyo ni kawaida kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Kama barafu ilikuwepo, injini itatetemeka zaidi kwa muda maana sasa inakunywa maji yaliyoyeyuka, na hapa ndipo watu wanapokosea, wanaogopa wanairudisha. Iache. Itatulia na RPM itapanda. Usiivute wakati wa kuruka, Mwanza uwanja uko kama futi 3,760 juu ya usawa wa bahari, mchana wa nyuzi 30 injini inajiona iko futi 6,400 hivi na imeshapoteza karibu asilimia 20 ya nguvu, huna za kugawa.

Mpaka hita ifungwe, shuka ukiwa na nguvu kidogo kwenye injini, anza kushuka mapema, usifunge throto juu ya maji ukateleza kilomita kumi. Na ikitokea tena, throto mbele na uishikilie, geuka kwenye nchi kavu iliyo karibu, ongea na mnara mapema useme Mayday. Hakuna mtu atakayekucheka.

Njia nayo. Ndege kama yako injini ikizima inateleza kama mita 10 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka, kwa hiyo futi 3,000 juu ya maji zinakupa kilomita 9 bila upepo wa mbele. Kumbuka ziwa lenyewe liko kama futi 3,720, kwa hiyo altimita (kipima kimo) inasoma 6,700 hivi na sio 3,000, kuna watu wanajichanganya hapo. Ukikatiza mdomo wa Ghuba ya Speke moja kwa moja, pale katikati hizo 9 hazikufikishi popote. Fuata mwambao wa mashariki kupitia upande wa Magu na Bunda, ukavukie Kisorya kwenda Rugezi ambako maji ni membamba, ni mbali zaidi ila unakuwa na nchi kavu karibu muda wote.

Na mvae majaketi okozi mwilini, sio chini ya siti, na yasijazwe mkiwa ndani kwa sababu ndege ya magurudumu yasiyokunjwa ikigusa maji mara nyingi inapinduka, na jaketi lililojaa linakubana kwenye dari usiweze kutoka. Mlango ufunguliwe kitasa kabla ya kugusa maji. Ukiweza kuchagua, shukia karibu na mitumbwi. Ile ajali ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, waliofika kwanza kwenye ndege walikuwa wavuvi.

Kwa hiyo wiki hii mtafute fundi mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) anayeijua Rotax, na kama huyo wa kwanza aliiwasha tu akasikiliza akaondoka, tafuta mwingine. Mpe maandishi: saa uliyoruka, joto na umande wa METAR ya siku ile, RPM ulipopunguza throto, ilichukua dakika ngapi, mafuta yalikuwa lita ngapi kila tenki, mfuniko ulilia au haukulia. Afungue mabakuli, apime floti, apime presha, apulize matundu, aangalie plagi zote 8, atoe ule mfuniko wenye sumaku aone kama mtetemo ule umechuna chuma kwenye giaboksi. Tukio lenyewe litoleeni taarifa TCAA, kupoteza nguvu juu ya maji ni kitu wanachotakiwa kujua. Akimaliza, mara ya kwanza ruka peke yako au na mwalimu, mzunguke juu ya uwanja tu saa nzima, mkipunguza throto na kuifungua mara kadhaa, asubuhi yenye unyevu kama ile ile. Ikitetemeka tena hapo una ranwei chini yako, unatua unampigia fundi kabla kabureta haijapoa.